Idowu Asahihisha Taji la Vichwa Viwili

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka la kupiga chapa pale Mokola, Idowu Ajadi hununua bagia nne za kunde kwa Iya Sikira, huketi kwenye ngazi, huzila zote, kisha hutoa kalamu nyekundu na kusahihisha kipande cha gazeti kilichofungiwa bagia hizo. Mafuta hayamzuii. Hupiga mstari, huandika neno sahihi pembeni, hukikunja kile kipande mara mbili na kukitupa kwenye pipa. Hakuna mhariri atakayekiona. Mara nyingi gazeti lenyewe ni la miezi minne nyuma, na waziri anayetoa ahadi humo ameshatimuliwa.

"Anti Idowu, na wewe huchoki?" Iya Sikira humwuliza huku akigeuza bagia zake.

"Wao wamechoka kukosea?"

Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akisoma upuuzi wa watu kwa mshahara. Kila kinachotoka kwenye mashine za Alhaji Raufu kimepita kwanza mezani kwake: vitabu vya wachungaji waliofufua maiti katika miji wasiyoitaja, maisha ya machifu, ambao wote walizaliwa na wazazi maskini lakini waadilifu, na wote walitembea maili saba kwenda shule, hata wale ambao Idowu anazijua nyumba zao na anajua kwamba shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, kadi za harusi ambamo bwana harusi amepewa jina la mdogo wake. Husoma vyote akiwa amekunja uso kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. Waandishi humwogopa. Yeye huwadharau wote sawasawa, mwenye shahada na asiye nayo, kwani kwa maoni yake mtu anayeandika kitabu ni mtu aliyekosa wa kumsikiliza nyumbani.

Watu wa mtaani wanasema ni jina tu. Mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Idowu, awe wa kike au wa kiume, na mtoto huyo, wanasema, huzaliwa na ukaidi mkononi. Yeye hujibu kwamba kama ukaidi ni kujua tofauti ya nukta na kinyesi cha nzi, basi hewala, ni mkaidi.

Mwezi wa pili, mwaka 2018, Chifu Gbolagade Faniyi alishuka garini mbele ya duka akiwa amekumbatia mafaili manne kifuani. Alikuwa mstaafu wa ofisi ya ardhi, mnene, mwenye kofia iliyolalia sikio la kulia na sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Alhaji," alisema, "nimekuletea mtoto wangu."

"Mtoto ana kurasa ngapi?" Idowu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mia sita na kumi na mbili, madam, na mwisho bado."

"Huyo si mtoto, Chifu. Huyo ni ng'ombe."

Alhaji Raufu, mwenye duka, mtu mpole aliyezoea kumwombea radhi mfanyakazi wake, alicheka haraka na kumvutia Chifu kiti. Mafaili yakatua mezani. Juu ya faili la kwanza Chifu alikuwa ameandika kwa wino wa dhahabu: *Taji la Vichwa Viwili.*

Idowu alilipeleka faili la kwanza nyumbani Ijumaa, akalisoma kwenye kibaraza huku amekunja uso tayari. Chifu aliandika Kiyoruba kwa namna ya mtu anayewatupia kuku mahindi: alama za sauti juu ya herufi zilianguka popote zilipopenda. Kila mtu katika kitabu alikuwa "shujaa asiye na kifani," hata mpishi. Ngoma zililia katika kila ukurasa. Mtu hakuweza kwenda msalani bila ngoma kulia.

Na hadithi yenyewe ilikuwa hii. Eti zamani, wakati ufalme wa Oyo ulipokuwa ukianza kupasuka, malkia alizaa wana wawili walioungana kifuani, nao, badala ya kufichwa, wakatawazwa. Kiti kilipanuliwa. Sheria ikatungwa kwamba amri haipiti mpaka vinywa viwili vitamke neno moja. Na kwa kuwa mmoja alikuwa mwepesi na mwenzake mzito wa kuamua, kila vita viliahirishwa hadi maadui wakachoka na kurudi kulima viazi vikuu. Kwa hiyo Oyo haikuvunjika. Miji haikuchomwa. Hakuna aliyefungwa minyororo na kupelekwa pwani. Waingereza walipokuja kuomba ardhi waliwekwa uani wasubiri jibu, wakasubiri miaka saba, wakajifunza kula ugali wa unga wa viazi. Kufika sura ya kumi na tano wahunzi wa Oyo walikuwa wameunda chombo cha kuruka, na taa za umeme ziliwaka katika jumba la mfalme mwaka 1851. Wakati Mokola, katika mwaka huu wa 2018, hazikuwa zimewaka tangu Jumanne.

Mtu huyu, aliwaza Idowu, amekaa miaka thelathini na mitano katika ofisi ambayo haikuweza kulipata faili la jirani yangu, sasa anakuja kuniokolea bara zima.

Lakini hakulifunga faili. Alisoma hadi jua likashuka chini ya mabati, na uso wake haukuwa umekunjwa kwa dharau peke yake.

Mwaka 1957 mama yake, Asabi, akiwa na miaka ishirini, alipasuliwa katika hospitali moja ya misheni akatolewa watoto wawili wa kiume walioungana kifuani, uso kwa uso, kama ndugu wanaosalimiana baada ya safari. Daktari, Mzungu mrefu aliyeongea kupitia mkalimani, alisema moyo wa mmoja ni mbovu na unamvuta mwenzake kaburini. Wakikatwa mapema, yule wa kulia huenda akapona. Yule wa kushoto, basi tena. Kila mtu alikubali: baba, babu, mchungaji, na mkalimani pia, ambaye hakuulizwa. Kilichobaki kwenye karatasi ni alama ya kidole ya mama. Asabi alikunja ngumi na hakuifungua. Siku ya kumi na tisa wanawe walikufa wote wawili, mmoja asubuhi, wa pili kabla ya adhuhuri.

Tangu hapo shangazi zake Idowu walikuwa na maneno mawili tu kwa mama yake. *Angalau mmoja.* Waliyasema arusini, waliyasema msibani, waliyasema wakimenya viazi. Wanawake ambao hawakuwahi kuamua jambo zito kuliko rangi ya kitambaa cha kichwa walikuwa na hakika kabisa kuhusu kisu.

Kwa mila yao, mapacha wakifa, mama huwachongeshea sanamu, akazitunza kama watoto. Mchongaji wa kwanza, akijiona mwerevu, alimwuliza Asabi kama amchongee gogo moja lenye vichwa viwili. Asabi alimfukuza na vumbi lake. Wa pili alichonga sanamu mbili, kila moja na miguu yake, na hizo ndizo zilizokaa kwenye kabati la chumba chake tangu siku hiyo. Msichana alipozaliwa mwaka 1959, shangazi walisema hawezi kuitwa Idowu, kwa sababu mbele yake hakukuwa na mapacha, kulikuwa na kioja kimoja. Asabi alilitamka jina hilo mbele ya wageni mara tatu, akaketi.

Idowu hakuwahi kuelewa kwa nini mwanamke aliyekataa watoto wake watenganishwe wakiwa hai aliwatenganisha kwenye mti. Hakuuliza. Nyumbani kwao jambo hilo halikuulizwa, na mama yake naye hakuwahi kumwuliza mtu lolote juu yake.

Jumatatu Chifu alikuja kusikia sifa. Idowu alikuwa amefungua ukurasa wa thelathini na nane.

"Chifu, hapa malkia anajifungua tena baada ya mapacha."

"Naam! Jemadari wangu huyo."

"Anaitwa nani?"

"Si nimeandika hapo, Adewale."

"Baada ya mapacha."

"Baada ya mapacha, madam, ndiyo."

"Chifu, hata mbuzi wa Oyo anajua jina la mtoto huyo."

Chifu alitabasamu kama mtu aliyeona mtego na kuuruka. "Nilijua utasema. Nimelipima sana hilo. Idowu huwafuata watoto wawili. Hawa wangu ni mwili mmoja. Kwa hesabu, ni mtoto mmoja mwenye vichwa viwili. Ndiyo maana ya jina la kitabu."

"Umewapa majina mangapi?"

"Mawili. Taiwo na Kehinde, kama mapacha wote."

"Mmoja akilala, wa pili anafanya nini?"

"Anatawala. Sura ya tisa."

"Wakigombana, anagombana nani na nani?"

"Madam..."

"Nakuuliza hesabu, Chifu. Si umesema hesabu?"

"Idowu, mwache mtu apumue," Alhaji Raufu aliingilia, kisha, kwa nia njema ambayo ndiyo huleta maafa mengi pale dukani, akamgeukia mgeni. "Usimjali, Chifu. Linamgusa hilo. Mama yake mwenyewe ni Iya Ibeji, mama wa mapacha. Wanawe walikuwa hivyohivyo, kama wa kwenye kitabu chako. Wameshikana."

Chifu alivua kofia. Idowu alitamani kumpiga nayo.

Jumatano ile, Idowu akiwa kazini, Chifu Faniyi alifika mtaa wa Yemetu, nyumbani anakoishi Idowu na mama yake, na katoni ya biskuti, matunda, na mpiga picha. Alitaka sanamu za mapacha zikae kwenye jalada. Asabi, mwenye miaka themanini na mmoja na macho yaliyoingia ukungu, alizipokea biskuti, akamkalisha mpiga picha nje, akamsikiliza Chifu tangu mwanzo wa kitabu hadi pale alipokatizwa na kikohozi chake mwenyewe.

"Picha hapana," alimwambia. "Wanangu hawatazamwi na watu wanaokula njugu. Lakini kitabu nakitaka. Idowu atanisomea."

Idowu aliporudi alimkuta mama yake amenyooka kitini kama msichana anayengoja kuposwa.

"Maami, kitabu kile ni takataka."

"Wamo, hawamo?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Wanaishi humo, hawaishi?"

"Wanaishi."

"Wanakua?"

"Wanaota ndevu."

"Basi nisomee takataka."

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa, kuanzia Machi, Idowu alisoma na mama yake alisikiliza, miguu ikiwa juu ya kigoda, bakuli la njugu mapajani. Asabi alikuwa msikilizaji mbaya kwa mwandishi yeyote mwenye aibu. Kwenye chombo cha kuruka alicheka mpaka njugu zikamwagika. "Muongo huyu! Muongo mkubwa! Endelea." Kwenye Waingereza uani alitaka kujua nani aliwafulia nguo miaka yote saba. Na wafalme walipogombana, mmoja akagoma kula ili kumkomesha mwenzake, na mwenzake akala mara mbili ili kumwudhi, Asabi alitabasamu peke yake, akasema: "Kehinde huyo. Kehinde alikuwa na njaa tangu siku ya kwanza."

Idowu alipiga mstari mwekundu chini ya neno lisilo na kosa, akaufuta kwa kidole.

Tatizo lilianzia mapema, ukurasa wa thelathini na nane. "Malkia akajifungua tena," alisoma, "mtoto wa kiume..." Mama yake aliacha kutafuna. Idowu, mtu ambaye katika miaka thelathini na miwili hakuwahi kuongeza neno la kwake katika kazi ya mwandishi, aliendelea bila kupepesa: "...mtoto wa kike, wakamwita Idowu."

"Ehe," alisema Asabi, na kuendelea kutafuna.

Tangu hapo ilibidi ampe msichana huyo kazi. Kila mara jemadari Adewale aliposhinda vita, Idowu alimvua mavazi na kumvika binti asiyekuwemo. Binti huyo hakupiga ngoma. Aliwaambia wafalme wawili kwamba wamevaa kofia vibaya, akawasomea barua za Waingereza na kuonyesha zilipokosewa. Asabi alimpenda kuliko wote. "Mdomo wake mchafu," alisema kwa kuridhika. Idowu alijidharau kila Jumapili jioni, kwa sababu alikuwa anafanya kile ambacho waandishi hufanya, na alikuwa anakifurahia.

Mwezi wa tano Chifu alileta faili la tano, lenye mwisho. Idowu alilisoma dukani, amesimama.

Wafalme walikuwa wametimiza miaka thelathini. Tabibu mkuu kutoka Ife, aliyesomea elimu yake kwa nyota, aliwatenganisha kwa kisu cha shaba kwa muda wa kuivisha kiazi. Wote wawili waliishi. Kila mmoja alitoka kwa mlango wake, ngoma zikalia kurasa mbili. Kisha malkia mama, ambaye walipokuwa wachanga alikataa waguswe, alikuja kwa magoti kutoka lango hadi kitini, amejimwagia vumbi kichwani, akasema: "Ujinga wangu uliwafunga wanangu miaka thelathini. Nilimkatalia mwenye elimu. Nisameheni." Umati ukamsamehe. Umati, bila shaka, ulikuwa hodari sana wa kusamehe.

Idowu hakusubiri Chifu aje. Alimpigia simu, na Chifu, akidhani anapongezwa, alifika baada ya saa moja.

"Futa kurasa za magoti," Idowu alimwambia.

"Magoti! Hapo ndipo mke wangu alipolia."

"Alilia kwa furaha kwamba kinaisha."

"Idowu," alionya Alhaji Raufu.

"Madam, sikiliza," Chifu alisema, kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomkera zaidi. "Kitabu lazima kifundishe. Mama asiyemsikia daktari lazima ajute, ili msomaji ajifunze. Sisi tumebaki nyuma kwa sababu ya akina mama kama hao."

"Mama yangu anasomewa kitabu hiki. Amebakiza sura mbili."

Chifu alivua kofia. Kwa muda kidogo hata alionekana mtu. "Lakini malkia si mama yako," alisema. "Hii ni hadithi tu."

"Ulipokwenda na mpiga picha ilikuwa hadithi tu?"

"Sikumtaja jina humo. Na ukiondoa hapo, kitabu chote kinaporomoka. Si ndiyo sababu nimewaumba wameungana? Ili watenganishwe."

"Miaka thelathini na miwili nakaa meza hii," Idowu alisema, "na wamepita hapa watu waliodai wameoa majini. Sijasikia sentensi ya kijinga kama hiyo."

Chifu alivaa kofia. Safari hii haikulalia sikio. "Alhaji, mwambie mfanyakazi wako mimi nimelipia chapa, sikulipia maoni."

"Kazi yako ni nukta na mikato," Alhaji alimwambia Idowu Chifu alipoondoka, akitazama sakafu. "Kinaingia mashineni Jumatatu. Kama kilivyo."

Kinaingia Jumatatu, basi. Nakala mia tano zingekwenda kwenye makanisa na shule, na shangazi aliyebaki hai, ambaye hajapata kusoma kitabu, angetafuta wa kumsomea hiki. Hilo Idowu aliweza kulivumilia. Dunia ilikuwa imejaa vitabu vya kijinga na shangazi wa kijinga, wakutane. Asichoweza ni kukaa kibarazani na kumtamkia mama yake kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kisu kingewaponya wote wawili, na kwamba anapaswa kupiga magoti.

Siku mbili zilizofuata, wakati wa chakula cha mchana, Idowu aliandika mwisho mwingine. Kurasa sita, kwa mkono, nyuma ya karatasi za majaribio ya kadi za harusi. Hakuna tabibu. Wafalme wanazeeka wameungana hivyohivyo, wanasahau majina ya mawaziri, mmoja anakoroma na mwenzake analalamika. Wanakufa kitandani asubuhi moja, wa kwanza, kisha wa pili. Malkia mama ameshatangulia miaka mingi, na hakuna aliyemdai chochote. Alisahihisha mara tatu. Halikubaki kosa hata moja.

Jumapili alizichomeka zile kurasa ndani ya faili na kusoma.

Asabi alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa njugu. Wafalme walipokwisha kufa, alisubiri, kana kwamba bado kuna kitu kinakuja.

"Zimekwenda wapi ngoma?" aliuliza.

"Ngoma gani, Maami?"

"Wafalme wawili wa Oyo wamekufa, hakuna hata mtu mmoja anayepiga ngoma? Yule mwanamume, hata mpishi wake akichoma kidole anapigiwa ngoma." Aligeuza uso wenye ukungu upande wa sauti ya binti yake. "Haya si maneno ya Chifu. Chifu hupiga chuku. Haya makavu. Haya yako wewe."

Idowu alizichomoa zile kurasa sita kwenye faili.

"Na yule msichana mwenye mdomo, yako pia?"

"Yangu."

"Nilijua. Mwanamume yule hawezi kumbuni mwanamke anayemjibu." Alicheka kidogo kwa pua, kisha akaacha. "Haya. Sasa nisomee ya Chifu."

"Maami, hayafai."

"Hayajafaa tangu Machi. Soma."

Idowu alisoma. Alisoma vibaya, kwa makusudi mwanzoni, akimeza maneno, na mama yake akagonga mkono wa kiti kila alipomeza, hadi akaanza kuyatamka. Alisoma kisu cha shaba. Alisoma milango miwili na ngoma za kurasa mbili. Alipofika kwenye magoti alisita, kiti kikagongwa, akasoma magoti, na vumbi, na *nilimkatalia mwenye elimu*, na umati. Kisha yakabaki maneno ya kumshukuru Mungu na mke wa mwandishi, akayasoma pia, kwa hasira.

Jirani alikuwa anatwanga uani kwake. Asabi alisikiliza kinu hicho muda mrefu.

"Kisu amekiandika vizuri," alisema hatimaye. "Hiyo nampa. Ila magoti! Kutoka lango hadi kitini? Huyo hajawahi kumwona mwanamke mwenye magoti yanayouma."

"Ni mpumbavu, Maami."

"Mpumbavu, ndiyo. Lakini amewaza. Hilo la kwamba wangetoka wawili, kila mtu na miguu yake, unafikiri nimengoja Chifu anifundishe? Unafikiri kwa nini nilimwambia yule mchongaji wawili?" Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaushika kifundoni kama mtu anayepima mapigo. Vidole vyake vilikuwa na chumvi ya njugu. "Shangazi zako nilijua wanawaza nini. Walinisaidia kujua. Baba yako nilijua mpaka anakufa. Wewe umekaa ndani ya nyumba hii miaka yote, unasahihisha kila mtu, na hilo hujaligusa."

"Haikuwa kazi yangu."

"Sasa nakuuliza, na sitakuuliza tena. Siku ile, mle hospitalini, ile karatasi. Ingekuwa wewe, ungeweka kidole?"

Idowu alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya adabu, yote yangempa mama yake usingizi. Aliyapima moja moja kama anavyopima sentensi za watu, na moja moja akayaona ni ya Chifu.

"Ningeweka, Maami," alisema. "Ningemwogopa daktari."